Lamu kwa miguu: nikae mjini au Shela?

MwendaKwao
Salaam wanajukwaa. Nimebakisha kulipa amana ya nyumba Lamu na wakala anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nyumba ni mbili. Moja iko mjini, vichochoro viwili nyuma ya ngome, ina baraza ya makuti juu kabisa. Nyingine iko Shela, kijiji cha jirani kisiwani humo humo, ni ndogo na bei yake imechangamka, lakini nimeambiwa ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga. Safari yetu ni ya kutembea kwa miguu tu kando ya bahari, si kuogelea wala mambo ya mashua. Nimesikia kuna njia ya Lamu hadi Shela, kuna ufuo mrefu wa Shela wenyewe, kuna njia ya Matondoni, na kuna magofu ya Takwa. Ipi ina mandhari bora kuliko zote, na kwa hiyo nikae wapi? Natanguliza shukrani.

Bintlangoni
Karibu Amu kaka. Umetutajia nyumba mbili na njia nne, wewe mwenyewe hukujitaja. Unakuja mwezi gani? Mko wangapi, mna watoto, mna wazee? Mnalala siku ngapi? Mwezi mwandamo utakuwa tarehe ngapi? Hilo la mwisho usilipuuze. Huku kwetu njia ya kando ya maji ya asubuhi siyo ya jioni.

Kitunguu_Maji
Mimi nasema wazi, kama ni kutembea tu achana na Lamu. Nenda Watamu. Pale Mida kuna njia ya mbao iliyojengwa katikati ya mikoko, unatembea juu ya matope na kiatu chako kinabaki cheupe, ukifika mwisho unakaa unaangalia ndege. Kutoka Malindi ni matatu moja. Na magofu ya Gede yako hapo hapo barabarani. Lamu mpaka ufike umeshachoka hata hamu ya kutembea huna.

Bintlangoni
Kitunguu, aliuliza Lamu.

Kitunguu_Maji
Najua alichouliza. Namwokoa.

NahodhaMstaafu
Mwanangu, Bintlangoni amekuuliza la maana. Mandhari ya Lamu hupangwa na maji, hayapangwi na njia. Nikueleze ili usije ukalaumu kisiwa.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunaingia bamvua. Siku hizo pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Ukihesabu wiki moja mbele, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, saa kumi alasiri yamekupwa. Lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, ufuo unaopata ni mwembamba.

Sasa tazama mtego wake. Siku za bamvua, ambazo ufuo ni mpana kama uwanja na mchanga ni mgumu unaobeba mguu, saa yake nzuri inaangukia jua likiwa linapanda utosini. Na ile saa ya jioni ambayo kila mgeni anaitaka, jua linatua, kamera mkononi, maji yako kwenye kuta. Siku za maji mafu jioni unapita vizuri, ila unapita kwenye ukanda, nusu yake mchanga laini. Chagua unachotaka kukikosa.

MwendaKwao
Asante sana mzee. Kumbe kuna hesabu. Tunakuja Agosti, likizo ya shule. Nimeangalia kalenda, siku ya pili ya safari mwezi utakuwa mpevu. Tunalala usiku tatu.

NahodhaMstaafu
Basi ni bamvua. Asubuhi zako ni za ufuo, alasiri zako si za ufuo. Na Agosti bado ni kusi, upepo utakuwa wa kutosha upande wa bahari kuu. Kofia yenye kamba.

Tumbili_wa_Tudor
Mimi hiyo njia ya Lamu hadi Shela nimeipita mara nyingi kwa kazi. Ni kama kilomita 3, mtu asiye na haraka anatumia dakika 45. Unaanza na gati, unapita mashua zilizolazwa ubavu zinakwanguliwa na kuzibwa kwa pamba, unapita hospitali, halafu mji unaisha unabaki na maji mkono wa kushoto na miti mkono wa kulia. Hapo ni raha tupu. Mbele kidogo ndipo zinapoanza kuta za majumba ya matajiri. Kuta zinashuka mpaka mchangani. Maji yakikupwa unapita chini yake bila taabu. Maji yakijaa unabaki unarukaruka kwenye ngazi za watu, na zile ngazi za chini zina mwani wa kijani, zinateleza kuliko sabuni. Nimeona mtu na begi lake la kompyuta akishuka kwa makalio.

Kuna njia ya ndani, nyuma ya hayo majumba. Ni mchanga mzito na huoni bahari. Kwa hiyo umekuja kuangalia bahari unaangalia ukuta wa nyuma wa jumba la mtu.

Ushauri wangu: kaa mjini. Shela ukishatembea ufuo umemaliza. Mjini kila kichochoro ni matembezi.

Bintlangoni
Hapo sikubaliani nawe Tumbili. Mji ni mzuri, mimi nimezaliwa humo, lakini yeye amesema kando ya bahari. Shela asubuhi unatoka, unapita Msikiti wa Ijumaa ule wa 1829 wenye mnara wa mviringo, unafika pwani, unapinda kona, na mbele yako kilomita 12 za mchanga bila nyumba. Upande wa kulia vilima vya mchanga, upande wa kushoto Bahari ya Hindi mpaka macho yachoke. Akikaa mjini, kila asubuhi atumie dakika 45 kufika tu mahali pa kuanzia, na kurudi ni hizo hizo, na maji yameshaanza kupanda.

Neno moja tu: msipande vilima hovyo na kuvibomoa. Ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya kisiwa hiki. Wageni wanateleza juu yake kama watoto halafu jioni wanauliza mbona maji ya kuoga yana chumvi.

Tumbili_wa_Tudor
Kilomita 12 bila nyumba ni sifa kwako, kwangu ni tatizo. Ukipita kona ile hakuna mtu. Kumewahi kutokea visa vya watu kuporwa huko mbele. Sisemi kila siku, nasema mtu asiende peke yake na asiende mbali.

Bintlangoni
Hilo ni kweli, na hata wenyeji watakwambia. Nendeni kundi, mchukue kijana wa hapo Shela, na mrudi mnapoona mmebaki peke yenu. Nusu saa ya kwanza ina kila kitu ambacho hizo saa tatu zinazofuata zinacho.

Dada_Zai
Nusu saa! Laiti tungeambiwa hivyo. Naomba nieleze kwa sababu naona mtu hapa ana mpango wa kwenda kwa miguu "tu".

Tulikuwa wanawake wanne wa kazini, tukakaa Shela. Nahodha mmoja pale pwani, simtaji, akatuambia mpango mzuri kabisa: tembeeni ufuo wote mpaka Kipungani, mimi nitazunguka na mashua niwangoje huko, tunarudi kwa tanga, mnakula samaki njiani. Tukampa nusu ya pesa. Akasema tuondoke baada ya chai.

Mwanzo ulikuwa peponi kweli. Maji yamekupwa, mchanga mgumu, kaa wadogo weupe wanakimbia na kuzama kabla mguu haujafika. Tukaimba. Baada ya muda tukaona kitu hakuna aliyetutajia: ule ufuo umeinama. Unatembea mguu mmoja juu mmoja chini, mguu wa kushoto ndio unaobeba, na huwezi kubadilisha kwa sababu unaenda upande mmoja tu. Mwenzetu mmoja nyonga ikaanza kumuuma akawa anatembea kinyumenyume apumzishe upande wa pili. Kivuli hakuna. Nasema hakuna, hata cha kichaka. Upepo wa kusi unachukua mchanga unaupiga kwenye miundi kama sindano. Na kwenye mstari wa maji makuu takataka: chupa, nyavu, sandali. Nikawa nazitazama zile sandali, zote za mguu mmoja mmoja, hakuna jozi.

Maji tuliyobeba yakaisha kabla hatujaona mnazi. Tukafika upande wa Kipungani jua limeshapinda. Mashua hamna. Tukapiga simu. Anasema maji ni madogo, hawezi kuingia, tungoje. Tukangoja. Tukapiga tena, simu haipokelewi. Mara ya tatu imezimwa. Ile nusu ya pesa mpaka leo.

Waliotuokoa ni watu wa kijiji. Bibi mmoja alikuwa barazani anasuka ukili, wala hakuuacha mkononi, akamwita mjukuu akatuangulia madafu, akatutandikia mkeka tukae. Hakutuuliza kitu mpaka tulipokunywa. Baadaye ikapatikana mashua inayopeleka makuti mjini, tukakaa juu ya makuti na wadudu wake, tukaingia Lamu usiku, nguo zote majani. Wakati wa kuagana yule bibi alikataa pesa, tukanunua mikeka kwa bei aliyotaka yeye. Yangu ninayo bado, haijakatika ukingo.

Kwa hiyo Kipungani nendeni, wana ukarimu. Lakini nendeni kwa mashua mnayoiona kwa macho, si kwa ahadi.

NahodhaMstaafu
Pole binti. Huyo si nahodha. Mtu wa bahari alijua tangu asubuhi maji ya saa hizo yatakuwaje. Hilo si la kugundua mchana.

Kitunguu_Maji
Mida kuna kivuli. Nasema tu.

MtuWaTanga
Shikamoo nahodha. Wakuu, mkiniruhusu niwatoe Kenya kidogo. Kama mtu anataka matembezi ya pwani yenye historia bila kelele, Bagamoyo haijapewa haki yake. Unaanza Mji Mkongwe, unapita Boma la Wajerumani, unapita soko la samaki wanapokaangia pweza, unaelekea kusini kilomita 5 hivi unafika Kaole, misikiti ya kale na makaburi ya nguzo. Ajabu ya Kaole ni kwamba ulikuwa mji wa bandari, leo ukisimama pale bahari huioni, mikoko imejaa katikati. Unatembea kwenye bandari iliyohamwa na maji.

Tumbili_wa_Tudor
Kaole kwa ufukweni au kwa barabara? Maana nami nimesikia ufukweni huko wasiotembea kundi wanaporwa.

MtuWaTanga
Kwa barabara ya ndani mkuu. Ufukweni matope ya mikoko yatakumeza, na hayo ya kuporwa pia yamesemwa sana. Kwa hiyo si kando ya bahari kabisa, nakubali. Lakini pweza je?

Kitunguu_Maji
Pweza hakuulizwa.

MwendaKwao
Nimecheka peke yangu basini. Dada Zai pole sana. Sasa niongeze maelezo ambayo niliona si muhimu. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 12, na mama mkwe. Mama ana miaka 68, goti moja lilifanyiwa upasuaji, anatembea vizuri kwenye sawa lakini mteremko na ngazi hapana. Na ndiyo maana nimesema hatutaki mashua, mama anaogopa sana maji.

Bintlangoni
Kaka. Lamu ni kisiwa.

MwendaKwao
Najua dada, lakini tunakuja na ndege.

Bintlangoni
Uwanja wa ndege uko Manda. Manda ni kisiwa kingine. Ukitoka uwanjani unatembea kidogo unafika gati, na mbele ya gati kuna maji, na ng'ambo ya maji ndiyo Lamu. Na ukija kwa basi mwisho wake ni Mokowe, na Mokowe nako unapanda boti. Mama mkwe utamfikishaje?

Kitunguu_Maji
WATAMU. Ni bara. Nimesema tangu asubuhi.

Dada_Zai
😂😂 Hapa Kitunguu ameshinda.

MwendaKwao
Duh. Wakala hakunitajia hilo hata kidogo. Huo mvuko ni wa muda gani?

NahodhaMstaafu
Kutoka Manda ni mkondo tu, ng'ambo unaiona, boti ya mashine si safari ya kuchosha. Mokowe ni zaidi kidogo, lakini pia ni maji ya ndani yaliyokingwa na visiwa, wimbi la bahari kuu halifiki. Mwambie mama akae katikati, chini, atazame mji si maji. Wazee wengi wanaovuka kila siku hawajui kuogelea. Kinachowatisha ni kupanda na kushuka, si safari. Maji yakikupwa ngazi za gati zinabaki juu na zina utelezi, na mwenye goti bovu hapo ndipo anapopata taabu. Fikeni maji yamejaa. Kwa siku zenu, hiyo ni alasiri.

Tumbili_wa_Tudor
Sasa na goti hilo ndiyo nasisitiza mjini. Barabara ya pwani pale mbele ni tambarare, imejengwa ukingo, mama atembee na fimbo yake mpaka hospitali na kurudi, kila hatua kuna mtu wa kumsalimu na pa kukaa. Shela ni mchanga. Mchanga na goti havipatani.

Bintlangoni
Mchanga mgumu wa maji yaliyokupwa ni laini kwa goti kuliko mawe ya vichochoro vyetu. Vichochoro vya mjini vina mifereji katikati, vina ngazi moja moja zisizotarajiwa, na punda hawapigi honi. Nyumba yenyewe amesema ina baraza juu kabisa. Ghorofa ngapi? Ngazi za nyumba za kale za Lamu ni za mwinuko mkali, mama atakaa chini wenzake wakiangalia mandhari. Kaka, umeuliza ngazi?

MwendaKwao
Sijauliza. Ngoja nimtumie ujumbe.

Mtaa_wa_Pili
Hodi jukwaani. Kwani mama asipande bodaboda? Siku hizi kisiwani zimejaa. Mimi nimetoka Lamu majuzi, nimekwenda Shela kwa bodaboda njia ya ndani, nimefika kabla ya jasho kunitoka.

Bintlangoni
Bodaboda tena. Huo ndio msiba wetu. Mji umeingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 2001, watu wanakuja kutoka ulimwenguni kwa sababu ni mji usio na magari, sasa unatembea na mtoto mkono umeushika kwa nguvu kama uko barabara ya Mombasa.

Mtaa_wa_Pili
Dada yangu, vijana wale hawana kazi nyingine. Mgeni anataka mji ubaki kama picha, yeye anakaa siku tatu anaondoka. Mwenye mgonjwa usiku wa manane atambeba kwa punda?

Bintlangoni
Mimi si mgeni, mimi ni wa Langoni. Na sijasema kisiwa kizima. Nje ya mji mkongwe, njia za Matondoni na mashambani, ziende. Ndani ya vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu, pikipiki inapitaje?

Tumbili_wa_Tudor
Na punda wenyewe ni wa kuonewa huruma. Wanabeba mawe ya matumbawe na saruji siku nzima.

NahodhaMstaafu
Punda wa Lamu wana hospitali yao pale ukingoni mwa mji, tangu 1987. Wanatibiwa bure. Mimi nilipovunjika mkono nililipa.

Kitunguu_Maji
😂 Nahodha!

Dada_Zai
Tumemsahau mwenye uzi. Mimi nilikuwa na swali kuhusu Takwa, kwa sababu sisi hatukufika. Inafaa kwa mtu wa goti?

NahodhaMstaafu
Takwa inafaa sana, na ndiyo inayojaza zile alasiri zenu za maji kujaa. Iko Manda, unaingia kwa mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na mkondo huo haupitiki isipokuwa maji yamejaa. Maji yakiwa madogo unaachwa mbali utembee kwenye tope. Kwa mwezi mpevu mnaondoka kama saa nane unusu, mnaingia maji yanapanda, mnatembea, na mnatoka kabla hayajakimbia. Usikawie huko. Ukikawia unapwelewa, unalala na mbu.

Ndani ni matembezi mafupi, pametulia, kuna mibuyu ya kivuli. Kuna msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nje kidogo kaburi la nguzo. Mji ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na watu wake ndio inasemekana walivuka wakakaa Shela. Wa Shela bado huenda kufanya ziara na kuomba mvua. Kwa hiyo mvae kwa heshima, si magofu matupu yale. Halafu ukitoka magofuni upande wa pili kuna kijia kifupi kinakutoa kwenye bahari kuu. Wengi wanakikosa kwa haraka ya kurudi kwenye mashua. Mimi katika matembezi yote manne ningechagua hicho kijia. Unatoka kwenye ukimya wa mikoko, hatua chache, unakuta mawimbi.

Bintlangoni
Hapo naungana nawe ami. Ila mashua ni mashua, na mama anaogopa.

MwendaKwao
Mke wangu amesoma uzi huu wote. Amesema mama akishavuka mara moja ama atazoea ama hatavuka tena mpaka tumrudishe Nakuru kwa helikopta.

Mtaa_wa_Pili
Na Matondoni? Mbona mnairuka? Kwa bodaboda ni dakika chache.

Tumbili_wa_Tudor
Kwa sababu si ya kando ya bahari. Unakata kisiwa katikati, minazi, miembe, mchanga, kama saa mbili kwa miguu, bahari unaikuta mwisho. Lakini ukifika utaona majahazi yanaundwa, na hapo watoto wa miaka 9 na 12 watabanduka kwa shida. Fundi anachonga ubao kwa tezo huku anaongea na wewe, jicho hayuko nalo kabisa kwenye tezo.

Dada_Zai
Hao watoto waambieni pia habari ya Flipflopi, ile mashua iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa fukweni, ikaenda mpaka Unguja 2019. Baada ya kuona zile sandali za ufuoni nilielewa malighafi ilitoka wapi.

MtuWaTanga
Na vile vilima vya Shela, ni kweli kulipiganwa vita pale? Nilisoma mahali mifupa ilikuwa inaonekana mchangani.

NahodhaMstaafu
Kweli. Vita vya Shela, mwaka 1812 hivi. Wa Mombasa na wa Pate walikuja kuishika Lamu, wakapigwa pwani pale. Walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Mifupa iliendelea kuonekana kwa miaka mingi baadaye. Ngome ya mjini ilianza kujengwa 1813 au karibu na hapo, ikamalizika 1821.

Bintlangoni
Ndiyo maana namwambia Tumbili asitupangie matembezi ya Shela. Nyinyi wa Mombasa mlishakuja kutembea huko bila kuuliza maji, mkapwelewa.

Tumbili_wa_Tudor
😂 Miaka mia mbili bado mnatusimanga. Na waliokuja na sisi kutoka Pate mbona hamuwataji?

Bintlangoni
Wa Pate ni jamaa, tulishasameheana.

MwendaKwao
Wakala amejibu. Nyumba ya mjini ni ghorofa tatu, na chumba cha chini ni kimoja, hakina dirisha. Ya Shela ina chumba chini, lakini "ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga" maana yake ni kichochoro cha mchanga, pwani iko mbele kidogo. Sasa mke anataka Shela, mimi bado navutwa na mjini kwa sababu ya ule ukingo tambarare na chakula. Na mama amesikia neno Takwa kuna watu wanaombea mvua, anasema hapo atakwenda hata kwa mashua.

Dada_Zai
Ha! Basi tatizo la mashua limekwisha.

Tumbili_wa_Tudor
Usiku mmoja mjini, miwili Shela. Kwisha.

Bintlangoni
Kuhamisha mizigo na mzee katikati ya usiku tatu? Hapana. Shela usiku zote, na siku moja mshuke mjini kwa boti alasiri, mle, mtembee mbele ya pwani na mama, mrudi. Chumba kisicho na dirisha Agosti si kibaya kama Februari, lakini mzee wa watu mumweke mahali pa hewa.

NahodhaMstaafu
Asubuhi ya mwezi mpevu tokeni Shela saa tatu, mrudi kabla ya saa sita. Mama atembee mpaka kona tu, kuna mchanga mgumu, akae na leso yake atazame. Watoto waende mbele na kijana. Wasiingie kuogelea upande wa bahari kuu wakati wa kusi, mkondo huko unavuta.

Kitunguu_Maji
Au Watamu, ambako haya yote hayahitajiki. Nimemaliza.

Mtaa_wa_Pili
Kwa wanaokwenda, kofia ya kutembelea juani mnunulie Kipungani au mjini?

Dada_Zai
Kipungani wanasuka wenyewe. Ila soma maelezo yangu ya juu kwanza 😂

MwendaKwao
Asanteni sana wote. Ijumaa bado siku mbili, nitawajulisha.

Safari_za_Jioni
Samahani kuingilia uzi. Kuna mwenye kujua mabasi ya Mombasa kwenda Mokowe siku hizi yanaondoka saa ngapi? Na kiti cha dirishani upande usio na jua ni upi?

Tumbili_wa_Tudor
Fungua uzi wako ndugu. Upande wa kushoto.

Mtaa_wa_Pili
Kulia. Jua la asubuhi na Garsen…

Tumbili_wa_Tudor
Unakwenda kaskazini, asubuhi jua liko kulia. Kushoto ndiko kivuli.

Mtaa_wa_Pili
Mpaka Garsen. Ukishapita Garsen basi linapinda, na hapo adhuhuri imeshaingia.